Spika sita, sauti mbili: Kisumu yatafuta sauti ya kuzunguka

Na Mwandishi Wetu

KATIKA nyumba nyingi za Kisumu, kuanzia Milimani kwa wenye nafasi hadi vyumba vya kupanga vya Manyatta, Nyalenda na Obunga, kuna chombo kimoja kinachopewa heshima ya mgeni rasmi sebuleni. Chombo hicho ni homu thieta. Hukaa kabatini pamoja na televisheni, kimefunikwa kitambaa cha kufuma, na spika zake tano ndogo zimepangwa kama askari wa gwaride. Sabufa, yule mkubwa wao, amewekwa sakafuni, na watoto wamekatazwa kumkaribia.

Mwenye nyumba alidunduiza fedha kwa miezi kadhaa ili akinunue. Aliahidiwa kwamba helikopta ya katika filamu itapita kutoka nyuma yake hadi mbele, na kwamba mvua ya katika filamu itanyesha kuzunguka kiti chake. Lakini siku hizi filamu zimo ndani ya kompyuta, si katika diski. Basi akachukua laptopu yake, akanunua waya mwembamba kwa bei ya chai na mandazi, akauchomeka upande mmoja kwenye tundu la visikizi na upande wa pili nyuma ya homu thieta. Mlio ukatoka, naye akafurahi. Wiki ya pili ndipo alipotega sikio kwenye spika ya nyuma na kugundua kwamba iko kimya kama kaburi, au inarudia yale yale yanayosemwa na wenzake wa mbele.

Hapo ndipo lawama huanza. Fundi wa Kondele huletewa spika nzima akaambiwa zimeungua. Mwenye duka naye hushukiwa kuuza mali bandia. Kumbe mara nyingi wote wawili hawana hatia, na spika hazina kasoro yoyote. Hazikusema kwa sababu hazikutumiwa neno la kusema.

Ndugu msomaji, jambo hili linawagharimu watu fedha nyingi, na linastahili kuelezwa kwa lugha inayoeleweka.

MASIKIO YA ZIWANI

Kwanza hapana budi tukumbuke kwamba watu wa pwani hii ya ziwa si wageni katika mambo ya sauti. Reli ilipofika hapa tarehe 20 Desemba 1901, mji ukiitwa Port Florence, ilifungua njia ya kila aina ya bidhaa, na miongoni mwazo zikaja gramafoni na santuri. Baadaye gitaa likaingia vijijini, likakutana na nyatiti, ile ala ya nyuzi nane ya Wajaluo, na kutokana na makutano hayo ikazaliwa benga. Gitaa la kuongoza likachukua kazi ya vidole vya mpiga nyatiti, na gitaa la besi likapewa nafasi ambayo katika muziki mwingine halikuwahi kupewa. Haliwi nyuma ya wengine. Huzungumza nao, huwakatiza, na wakati mwingine huwafukuza.

Wapenzi wa D. O. Misiani na Shirati Jazz, wa Victoria Jazz na wa George Ramogi walilelewa katika sauti hiyo. Misiani mwenyewe, aliyezaliwa Shirati upande wa Tanzania mwaka 1940, alifariki kwa ajali ya barabarani mjini Kisumu mwezi Mei 2006, na hadi leo ukipita mahali pa kunywea huko Kondele hutakosa kumsikia. Ndiyo sababu mnunuzi wa Kisumu akiingia dukani hajaribu kwanza uwazi wa maneno, bali besi. Akiona kifua kimetikisika, anatoa fedha.

Wauzaji wanalijua hilo, na wenye viwanda wanalijua zaidi. Tazama boksi la homu thieta ya bei nafuu, utaona imeandikwa wati 5,000 au hata 10,000, na kando yake herufi nne ndogo: PMPO. Hizo ni wati za kufikirika, zinazodaiwa kupatikana kwa kufumba na kufumbua jicho. Pasi ya umeme hutumia kiasi cha wati 1,000, na huichosha soketi ya nyumba. Chombo chenye waya mwembamba kama wa chaja hakiwezi kutoa nguvu ya pasi kumi. Zitafute wati zilizoandikwa RMS, nawe utakuta mara nyingi ni makumi machache tu kwa kila spika, na kwa chumba cha kawaida hizo zinatosha.

SAUTI ILIVYOANZA KUZUNGUKA

Wazo la kugawa sauti si la jana. Mwaka 1931 mhandisi Mwingereza, Alan Blumlein, aliomba hataza ya sauti ya pande mbili, ambayo leo twaiita stirio. Yasimuliwa kwamba alikerwa katika sinema kwa kumwona mwigizaji upande mmoja wa pazia huku akimsikia upande mwingine. Mwaka 1940 Walt Disney alitoa filamu ya Fantasia ikiwa na mtambo wa pekee wa kuzungushia sauti ukumbini, lakini mtambo huo ulikuwa ghali mno, na ni kumbi chache tu zilizoufunga. Star Wars ilipotoka mwaka 1977 kampuni ya Dolby ilikwisha kupata hila ya kukunja sauti nne ndani ya njia mbili za ukanda wa filamu, na mwaka 1992, kwa filamu ya Batman Returns, sauti sita zikaandikwa kwa tarakimu kwenye ukanda wenyewe.

Hizo sita ndizo zinazoitwa 5.1. Tano ni za spika za kawaida: mbele kushoto, mbele kulia, kati, nyuma kushoto na nyuma kulia. Ile nukta moja ni ya sabufa, ambaye hapewi maneno wala nyimbo nzima, bali mngurumo wa chini tu: radi, mizinga, gari kubwa likipita. Ya kati ndiyo yenye kazi kubwa kuliko zote, maana karibu maneno yote ya waigizaji hupitia hapo. Neno hilo ulishike, msomaji, tutalirudia.

Kila moja ya sauti hizo sita ni abiria anayejitegemea. Mtengenezaji wa filamu alimrekodi na kumpa kiti chake. Swali lililobaki ni chombo kipi kitamvusha kutoka katika kompyuta hadi katika spika yake.

MTUMBWI WA ABIRIA WAWILI

Waya ule mwembamba wa visikizi ni mtumbwi wenye viti viwili: cha kushoto na cha kulia. Ukitaka kuvusha watu sita kutoka Luanda Kotieno hadi Mbita kwa mtumbwi wa watu wawili, ama utawaacha wanne ufukoni ama utawapakata. Kompyuta huwapakata. Huchukua sauti ya kati na zile za nyuma, ikazichanganya na za mbele, na kinachofika ng'ambo ni sauti mbili zilizosongamana. Homu thieta ikizipokea haina uwezo wa kuwatenganisha abiria hao tena kama walivyokuwa. Zipo homu thieta zenye kitufe cha kubahatisha, zinazokisia kipi kingefaa kupelekwa nyuma, na wakati mwingine hukisia vizuri. Lakini kukisia si kujua.

Bluetooth, ambayo vijana wanaipenda kwa kuwa haina waya, nayo ni mtumbwi huo huo. Njia inayotumika kupelekea muziki kwa Bluetooth kutoka katika kompyuta au simu hubeba sauti mbili tu. Hata ukinunua spika kumi, zitagawana hizo mbili.

Kompyuta kubwa ya mezani ina njia ambayo wengi huipuuza. Itazame mgongoni, utaona matundu madogo ya rangi mbalimbali. La kijani ni la spika za mbele, jeusi la nyuma, na la rangi ya chungwa ni la spika ya kati pamoja na sabufa. Nyaya tatu, kila mmoja na viti viwili, jumla sita. Homu thieta iliyo na matundu sita ya kupokelea nyuma yake, kila moja likiwa limeandikwa jina la spika yake, itapokea sauti zote sita bila ya ujanja wowote. Vyombo vya namna hiyo bado huonekana katika bidhaa zilizokwisha kutumika ughaibuni ambazo huuzwa kwa bei ya chini, na mtu anayejua kuusoma mgongo wa chombo anaweza kuondoka na mali safi huku wengine wakigombea kile chenye taa za rangi.

Njia ya pili ni ule waya unaopitisha mwanga badala ya umeme. Huu nao, kwa sauti ghafi, una viti viwili tu. Lakini una hila yake. Sauti sita zikikaushwa na kufungashwa kwa ule mtindo uitwao Dolby Digital au DTS, hupita zote kwa pamoja, na homu thieta huzifungua upande wa pili. Ni kama omena waliokaushwa na kutiwa guniani. Hawatakuwa tena kama walivyotoka ziwani usiku, lakini gunia moja linabeba wengi, na mchuzi wake unaliwa. Tatizo ni kwamba laptopu nyingi za siku hizi hazina tundu la waya huo; kompyuta za mezani na televisheni ndizo zilizo nalo.

Njia ya tatu ni HDMI, ule waya wenye kichwa bapa unaobeba picha na sauti pamoja. Huu ni kivuko cha magari. Una nafasi ya sauti nane ghafi, bila ya kuzikausha. Laptopu nyingi zinao. Kwa nini basi watu wanaoutumia bado wanalalamika?

Ni kwa sababu ya neno moja lililoandikwa mgongoni mwa homu thieta. Zile zinazouzwa zikiwa na mashine yao ya diski ndani mara nyingi zina tundu moja tu la HDMI, na juu yake pameandikwa OUT. Maana yake ni mlango wa kutokea. Lilitengenezwa ili kupeleka picha ya diski kwenye televisheni, wala si kupokea kitu kutoka katika kompyuta. Mtu huchomeka waya wa laptopu hapo, akangoja, akabadili waya, akanunua mwingine wa bei kubwa zaidi, na hakuna litakalotokea hadi kiyama. Unalotafuta ni tundu lililoandikwa IN. Basi kabla hujatoa hata shilingi moja, mwambie muuzaji akigeuze chombo na usome mgongo wake.

Mwaka 2009 toleo la HDMI liitwalo 1.4 lilileta njia ya kuokoa jahazi. Pale penye maandishi ARC, tundu lile lile la kutokea linaweza kupokea sauti inayorudi kutoka katika televisheni. Unachomeka laptopu kwenye televisheni, na televisheni kwenye homu thieta, matundu yote mawili ya mwisho yakiwa ya ARC. Lakini tahadhari: njia hii ya kurudi ina masharti ya waya wa mwanga. Hubeba sauti mbili ghafi, au sita zilizofungashwa. Ukiiacha televisheni ifanye ipendavyo, mara nyingi itatuma mbili. Ingia katika mipangilio yake ya sauti, tafuta palipoandikwa bitstrimu au otomatiki, ukapachague hapo.

Yuko atakayesema kwamba haya yote ni usumbufu. Ana haki. Kwake kuna njia ya mkato ambayo si ya kuionea haya: ainakili filamu kwenye flashi na kuichomeka moja kwa moja kwenye homu thieta, ikiwa ina tundu la flashi. Hapo kompyuta imetolewa kabisa katika shauri. Homu thieta za zamani huchagua mno chakula, na mafaili mengi ya leo watayakataa, hasa yale makubwa yazidiyo gigabaiti 4. Yale zitakayokubali, zitayafungua zenyewe na kuzigawia spika zote sita.

KOMPYUTA HAIJUI MPAKA IAMBIWE

Hata waya ukiwa sahihi, kompyuta yenyewe haina habari kwamba sebuleni kwako kuna spika sita. Kwa kawaida hudhani ni mbili. Katika Windows, fungua mipangilio ya sauti, chagua chombo kinachopokea, kisha uchague spika za 5.1. Hapo hapo kuna jaribio, ambapo kila spika hulia kwa zamu. Usiliruke jaribio hilo. Watu wamekaa miaka na spika ya nyuma kushoto ikiwa kulia, na gari la katika filamu likienda Nairobi wakati picha yaonyesha likija Kisumu.

Programu ya kuchezea filamu nayo ina neno lake. VLC na Kodi, ambazo ndizo zinazotumika sana, zinaweza ama kulifungua gunia la omena ndani ya kompyuta na kutuma sauti sita ghafi, ama kulipitisha gunia bila ya kulifungua ili homu thieta ilifungue yenyewe. Kwa HDMI iliyoingia kwenye tundu la IN, ya kwanza yafaa. Kwa waya wa mwanga na kwa ARC, ni ya pili tu itakayokupa sauti sita. Ukikosea, hakuna kitakachoungua. Utasikia sauti mbili, au kimya, au pengine mkwaruzo mkali.

Sasa lile neno nililoomba ulishike. Kuna ugonjwa mmoja unaoletwa kwa mafundi mara kwa mara. Filamu inacheza, muziki unasikika, risasi zinasikika, lakini waigizaji wanapanua midomo tu. Watu husema faili limeharibika. La hasha. Kompyuta imeambiwa kuna spika sita, lakini waya uliochomekwa ni ule wa viti viwili. Maneno yametumwa kwenye spika ya kati, na spika ya kati haina njia. Irudishe kompyuta kwenye spika mbili, na waigizaji watapata sauti zao papo hapo.

MSIMULIZI AMEKALIA VITI VYOTE

Hadi hapo tumezungumza kana kwamba filamu yenyewe ina sauti sita. Na hapa ndipo penye uchungu, kwa maana filamu zinazopendwa zaidi katika vibanda vya video vya Kondele na Manyatta, na katika fuo kama Dunga na Usenge, hazina.

Msomaji anazijua. Ni zile filamu za Hong Kong, za India na za Marekani zinazosimuliwa upya kwa Kiswahili na Sheng na mtu kama DJ Afro, ambaye humpa shujaa jina jipya, akamtania adui, akaongeza mzaha ambao mwandishi wa filamu hakuuota. Waganda wana wasimulizi wao waitwao vijei, na Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu wake. Hii ni sanaa kamili, na mwandishi wa makala haya haoni sababu ya kuidharau. Mzee asiyejua Kiingereza hucheka hadi machozi yakamtoka, na kijana anayekijua huiacha ile ya asili na kuchagua iliyosimuliwa.

Lakini tazama inavyotengenezwa. Msimulizi huchukua filamu, hushusha sauti yake, kisha huongea juu yake kwa kipaza sauti, na vyote viwili hurekodiwa pamoja. Kinachotoka ni sauti mbili, na mara nyingine ni moja iliyorudiwa. Helikopta, mvua na hatua za adui anayenyemelea nyuma vyote vimesukumwa mbele na kukanyagwa na sauti ya mtu mmoja. Hakuna waya, wala HDMI, wala fundi wa Kondele atakayevirudisha nyuma. Mwenye homu thieta ya spika sita anayetazama filamu hizo peke yake, kwa kweli amenunua spika tatu au nne za mapambo.

Na wala haikuwa lazima iwe hivyo. Tumesema maneno ya waigizaji yana kiti chao, spika ya kati. Lau msimulizi angeketishwa katika kiti hicho, akashusha ya kati peke yake na kuziacha nyingine tano kama zilivyo, mtazamaji angepata vyote: mzaha wa Kiswahili mbele yake, na mvua ya Hong Kong mgongoni mwake. Programu za bure za kufanyia kazi hiyo zipo, na kompyuta ya kawaida inaiweza. Kinachotakiwa ni nakala ya filamu iliyo na sauti zake sita, mtu mwenye subira, na soko litakalolipia tofauti. Hilo la tatu ndilo gumu, kwani ushindani wa maduka ya filamu ni wa bei, na nakala huuzwa kama njugu. Hapa pia pana suala la haki za wenye filamu, ambazo haziheshimiwi hata kidogo, na hilo ni shauri kubwa linalotaka makala yake.

Hali ni hiyo hiyo kwa zile diski zilizokuwa zikiuzwa mitaani zikiwa na filamu ishirini ndani ya moja. Ili ishirini zitoshe mahali pa moja, kitu hapana budi kitupwe, na sauti za nyuma zilikuwa za kwanza kutupwa baharini. Video nyingi za mtandaoni nazo huja kwa sauti mbili. Kabla hujamwita fundi, bonyeza faili na usome habari zake: likiandikwa stirio, usihangaike.

BENGA HAINA HAJA YA NYUMA

Vipi muziki? Hapa nitasema waziwazi, ingawa najua nitapingwa. Unapopiga benga, zima spika za nyuma.

Santuri ina mfereji mmoja wenye kuta mbili, na kila ukuta hubeba sauti moja. Huo ni urithi wa Blumlein yule yule. Zile santuri ndogo za inchi 7 za Shirati Jazz, ambazo wimbo mmoja uligawanywa sehemu ya kwanza na ya pili kwa pande zake mbili, nyingi zilikuwa na sauti moja tu kwa kuta zote. Mafaili tunayopata leo kwenye kompyuta yametokana nazo au na kaseti. Hakuna kilichofichwa ndani yake kwa ajili ya spika ya nyuma. Ukizilazimisha spika zote sita kuimba, magitaa yale mawili yanayojibizana hufika masikioni kwa nyakati zinazohitilafiana, kila spika kwa umbali wake, na ule ukali wa vidole ukapotea katika uji. Spika mbili nzuri mbele na sabufa aliyetulia zinamtosha Misiani.

Mwenye kutaka kukijaribu chombo chake kwa kitu cha nyumbani asikose filamu ya The Constant Gardener ya mwaka 2005. Ilipigwa hapa Kenya, ikatengenezwa kwa sauti ya kuzunguka, na ndani yake umo wimbo wa nyatiti uitwao Kothbiro, yaani mvua inakuja, wa Ayub Ogada, aliyefariki Nyahera, nje kidogo ya Kisumu, mwezi Februari 2019. Tafuta nakala halali yenye sauti sita, uichezee kutoka katika kompyuta, kisha uhame kiti kutoka spika hadi spika. Masoko, mitaa, watu na upepo wa nchi hii vimo katika spika zile ambazo katika filamu nyingine umezisikia zikileta Marekani tu.

CHUMBA CHA FUTI KUMI KWA KUMI

Vitabu huagiza kwamba spika za nyuma zikae kando ya msikilizaji na nyuma yake kidogo, juu ya usawa wa masikio. Katika chumba cha futi kumi kwa kumi, ambamo kuna kitanda nyuma ya pazia, meko upande huu na kabati upande ule, agizo hilo ni la kuchekesha. Hata hivyo si la kutupwa. Spika mbili zikipigiliwa ukutani kulia na kushoto kwa kiti, hata kama ziko karibu, zitafanya kazi nzuri kuliko zikipangwa zote sita mbele ya televisheni kama wengi wafanyavyo. Homu thieta bora huuliza umbali wa kila spika. Ijibu kwa ukweli, kwa maana sauti hutembea kiasi cha meta 340 kwa sekunde, na chombo hutumia jibu lako kuzichelewesha zile za karibu ili zote zifike pamoja.

Mvumo unaosikika wakati laptopu imechomekwa kwenye chaja, na kutoweka chaja ikichomolewa, si ugonjwa wa spika. Ni umeme unaozunguka kupitia waya wa ardhi na waya wa sauti. Chomeka vyombo vyote kwenye soketi moja, au tumia waya wa mwanga, ambao hauna shaba ya kupitishia mvumo huo.

Na mabati yana habari yake. Mngurumo wa sabufa huyapata mabati yaliyolegea misumari, yakaanza kuimba wimbo wao wenyewe, na mwenye nyumba husema sabufa inapasuka. Sauti hizo za chini ndizo pia zinazovuka ukuta. Jirani hasikii maneno ya filamu wala gitaa. Husikia kishindo tu, usiku kucha, kama mtu anayetwanga chumba cha pili. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zimeweka kikomo cha desibeli 35 kwa makazi usiku, ambacho ni kama mnong'ono, na usiku kwa mujibu wa kanuni hizo huanza saa mbili. Sabufa akiondolewa pembeni mwa ukuta wa jirani na kuwekwa juu ya kipande cha godoro kuukuu hupungua kishindo bila ya kunyamaza. Homu thieta nyingi zina pia kitufe cha usiku, kinachoshusha milipuko na kupandisha maneno. Kwa kuwa spika zako ziko hatua mbili tu kutoka katika sikio lako, hauhitaji sauti kubwa ili mvua ikuzunguke. Sogeza kiti katikati na uipunguze.